Ndege ya Kuwafaa Warukaji wa Kolin

Kolin, Nebraska
10 Januari 1988

Mpenzi Shangazi Libbie,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na kuni za kutosha. Huku theluji imefika madirishani lakini sote wazima. Mama anakusalimu, ingawa ameniambia nisikuambie kwamba anakusalimu, kwa sababu kwenye kadi yako ya Krismasi jina lake uliliandika "Rosali" na yeye anaamini ile herufi uliiacha makusudi. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui. Marvene anakusalimu bila masharti yoyote. Naye mzima, ila siku hizi hataki hata kunusa kahawa, na asubuhi ananiangalia kama mimi ndiye niliyeigundua.

Sasa nifungue mzigo niliokujia nao. Unajua klabu yetu ya parachuti, tangu enzi za Baba, ina ndege moja tu, ile Cessna 182. Inabeba warukaji wanne, wamebanana sakafuni kama dagaa koponi, na kuwafikisha futi elfu kumi inachukua karibu nusu saa. Padri Hruska anasema anamaliza rozari nzima kabla ya kufika juu, na Vencil akiwa ndani, kwa uzito wake, anaanza ya pili. Kiangazi kilichopita watu walikaa majanini wakingoja zamu, na ikifika saa nane mchana unawaona wanakunja parachuti zao kimyakimya, wanavuka mto kwenda kwa wale wenzetu wapya wenye ndege kubwa. Kiangazi kingine kama kile, Shangazi, na klabu ya Baba itabaki jina na bendera.

Kwa hiyo tumekubaliana: ndege kubwa. Na nimeipata! Ni Beech 18, iko Missouri, injini mbili za duara, mwili unang'aa kama sufuria za bibi arusi. Inabeba warukaji kumi. Mwenyewe anaitwa Gaylord Stemple, mzee mstaarabu. Nimekwenda kuitazama mara moja, nimeiota mara tatu.

Wewe ulikuwa rubani kabla sijazaliwa. Sitaki hotuba, nataka neno moja tu, nalo liwe ndiyo.

Kiangazi hiki utakuja? Chumba cha juu hakina mtu. Nijibu upesi, ila najua Jumanne huandiki, Jumanne uko angani na barua za watu wa Kipnuk.

Mwanao,
Lumir


Bethel, Alaska
26 Januari 1988

Lumir mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikwama Anchorage pamoja na mayai yetu, ukungu ulipozuia ndege zote. Barua imefika leo, mayai bado. Mimi mzima. Jirani yangu Nastasia amenipa samaki mkavu wa kunifikisha mpaka barafu ya mto ipasuke. Mbwa wake wamezaa tena, kwa hiyo usingizi hapa ni wa kuomba.

Mwambie wifi yangu Rosalie kwamba ile herufi ilidondoka kwa baridi. Kuhusu Marvene na kahawa sisemi kitu. Mpe biskuti kavu asubuhi kabla hajainuka kitandani, nawe ufunge mdomo.

Uliomba neno moja. Haya, neno lenyewe: ngoja.

Ndege si mchumba hata ukae unaiota. Ndege ya warukaji ni ngazi. Inawapandisha watu, inawaacha, inashuka kuchukua wengine, basi. Ngazi ndefu kuliko nyumba ni mzigo kwa mwenye nyumba. Hebu nieleze: Jumamosi ya kawaida, si ile ya sikukuu, wanakuja warukaji wangapi hasa? Maana ndege ya watu kumi ikipanda na wanne inakunywa mafuta ya kumi. Uwanja wako una urefu gani sasa, na zile nyaya za umeme upande wa kaskazini zimeondolewa au bado zinangoja wageni? Mvua ikinyesha, ardhi inabeba? Injini za duara anazijua nani hapo Kolin, au fundi wenu bado ni yule wa matrekta? Mlango ukoje? Na la mwisho, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: nani atairusha? Delmar rubani wenu nampenda, lakini maisha yake yote amekuwa na injini moja mbele yake na chupa ya chai pembeni.

Nijibu kwa kweli, si kwa matumaini.

Shangazi yako,
Libbie


Kolin
21 Februari 1988

Shikamoo Shangazi,

Umejuaje? Marvene alikwenda kwa daktari Alhamisi. Ni mtoto, katikati ya Agosti! Mama alilia, akaoka kolachi, vile vimkate vyetu vya Kicheki, za kulisha parokia nzima, halafu akakasirika kusikia wewe ulijua kabla yake. Nikamwambia hukuambiwa, ulinusa kutoka Alaska. Akasema, "Huyo tangu zamani pua yake hutangulia mwili." Nadhani hiyo ni salamu.

Maswali yako nayajibu. Warukaji wa Jumamosi ya kawaida ni kumi na wawili. Labda wanane. Marvene anasoma hapa begani kwangu anasema sita. Uwanja ni futi elfu mbili na mia mbili za majani. Nyaya bado zipo, ila watu wa umeme wametundika mipira ya rangi ya chungwa ili tuzione vizuri tunapoogopa. Mvua ikinyesha tunangoja. Fundi ni yule yule, lakini amenunua kitabu. Mlango wa Beech uko nyuma kushoto, mtu anatoka bila kujikunja.

Na usidhani tunacheza. Jumapili baada ya misa tulikwenda ghalani kwa Vencil, tukachora sakafu ya Beech kwa chokaa, kipimo kamili, tukawaketisha watu kumi na parachuti zao mgongoni. Wakaenea! Halafu, kwa kuwa nakujua wewe na Cessna 206 zako, nikachora na hiyo pembeni, nikawaambia waingie sita. Padri Hruska akaketi kwanza, wengine wakajipanga kati ya miguu yake.

"Padri, vuta tumbo," Vencil akamwambia.

"Nimeshalivuta."

"Basi hapa tunaenea watano."

"Mko watano tayari. Mimi ndiye wa sita, na nusu yangu iko nje ya ndege."

Ng'ombe mmoja akaja kutazama, akasimama juu ya bawa. Kila mtu alicheka 206 yako, Shangazi. Tangu siku hiyo klabu nzima inataka Beech.

Hukunijibu kuhusu kiangazi.

Lumir


Bethel
15 Machi 1988

Lumir mwanangu,

Marahaba, na hongera zisizo na kifani kwako na kwa Marvene. Mwambie ale samaki. Namtumia kifurushi, kikinuka posta, asione aibu, wamezoea. Mwambie wifi yangu kwamba pua yangu inamsalimu.

Nimecheka hiyo ya Padri mpaka Nastasia akagonga ukuta. Sasa nami nina yangu. Mwaka juzi nilibeba mbwa tisa wa mashindano kwenye hiyo 206 mnayoicheka, nimewafunga kila mmoja mahali pake. Nyuma kabisa kulikuwa na ndoo ya samaki wa mwenyewe. Tukiwa hewani mmoja akatafuna kamba, akaenda kwenye ndoo, na wenzake wakaona kwa nini wao wabaki. Wote tisa wakahamia mkiani! Pua ya ndege ikainuka kama punda aliyekataa kuvuka daraja. Nilisukuma usukani kwa mikono miwili na goti moja, huku nikitupa sambusa za Nastasia mbele, moja baada ya nyingine, mpaka wakarudi. Mchana ule sikula.

Warukaji wako ni mbwa wale wale, isipokuwa mbwa walirudi. Watu kumi wakisongamana kwenye mlango wa nyuma, mkia unalemewa, mwendo unakufa, na rubani asiyejua anajikuta ameshika usukani wa kitu kisichoruka tena. Kila ndege ina tabia hiyo, ila ndege kubwa na watu wengi, kosa nalo linakuwa kubwa.

Sasa isikilize 206 bila kucheka. Nyuma kulia ina mlango mpana wa mizigo. Mimi nimepitisha friji hapo, na jeneza, na siku moja piano, ingawa haikuwa nzima. Mlango huo unang'olewa kwa kibali, unaweka kizuizi kidogo cha upepo, na mtu anatoka vizuri. Kumbuka tu usiyashushe sana mabapa ya nyuma ya bawa, maana yanakuja kuziba mlango. Inapanda kwa nguvu kuliko ile yenu. Watu watano, hata sita kama Padri amefunga Kwaresma. Wakija wanne haikutii hasara. Uwanja wako inautosha. Na fundi wa matrekta ataielewa bila kitabu.

Ipo moja naijua. Haijatangazwa popote.

Niliuliza maswali sita, ukajibu matano. La sita umeliruka, tena bila parachuti. Nani atairusha?

Libbie


Kolin
27 Machi 1988

Shangazi,

Shikamoo. Samaki wamefika. Posta imefungua madirisha yote, lakini Marvene amewala kwa raha.

Nimewasomea klabu habari ya mbwa. Walicheka, halafu wakapiga kura, na Beech imeshinda. Stemple ataileta Mei turuke nayo kwa majaribio.

Ulitaka kujua, basi jua. Delmar ametuacha. Amevuka mto, anarusha ndege ya wale wenzetu. Kwa hiyo Beech nitairusha mimi. Nina leseni, nina macho, nina mikono. Stemple anasema atanifundisha injini mbili kwa siku chache. Marvene hajui bado, na kwa hali aliyonayo sitaki kumtia wasiwasi.

Lumir


Bethel
5 Aprili 1988

Lumir,

Leo sikusalimu, ili ujue nilivyo.

Injini moja ikizimika kwenye ndege ya injini mbili, ile nzima ndiyo inayokuua. Inavuta upande wake, ndege inageuka, na mguu wako una muda wa kupumua mara moja kuchagua pedali. Ukichagua isiyo yenyewe, unaisaidia kukupindua. Watu hujifunza jambo hilo majuma mengi, juu sana, na mtu mvumilivu pembeni. Hawajifunzi mwisho wa uwanja wa majani, warukaji kumi nyuma yao na nyaya mbele.

Sisemi huwezi kuwa rubani mzuri. Nasema bado. Na mwanamume anayemficha mkewe jambo ili asimtie wasiwasi, mara nyingi anajificha mwenyewe.

Unaweza kunikasirikia mpaka uchoke, nimezoea baridi. Lakini mwambie Marvene. Usipomwambia wewe, nitamwandikia mimi, na unajua mwandiko wangu ni mkubwa.

Shangazi yako bado,
Libbie


Kolin
8 Mei 1988

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Nilikasirika kweli. Aprili yote nilikuandikia barua kichwani, nyingine nzuri sana, zina matusi ya Kicheki niliyoyasikia kwa babu.

Stemple alikuja jana. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini kukapambazuka na jua. Shangazi, ile ndege ikitua! Kolin nzima ilikuwa kando ya uwanja, na watu wakapiga makofi kama kanisani siku ya harusi. Ikatembea mpaka mwisho, ikageuka, ikasimama. Halafu taratibu, kwa heshima zote, ikaanza kuketi kama ng'ombe anayetaka kulala. Magurudumu yakazama matopeni mpaka juu.

Vencil akaleta trekta. Trekta likazama nusu. Akaleta la pili, akang'oa na mbao za banda la nguruwe tukatandika chini ya magurudumu, na nguruwe nao wakatoka kuja kusaidia. Padri Hruska alivua kola, akasukuma mkiani mpaka akaonekana meno tu. Watu walikwenda nyumbani kuleta viti. Mama aliuza kolachi zote, akamfuata Stemple: "Bwana, itazama tena lini, nijue kiasi cha unga?"

Alasiri upepo ulikausha upande mmoja tukapanda. Watu kumi na mmoja waliahidi kuja kuruka. Walikuja saba, na Marvene aliniangalia tu. Mimi niliketi kiti cha pembeni mwa rubani. Walipotoka wote saba Stemple akasema, "Haya kijana, tuone miguu yako," akaipunguza injini moja nguvu kana kwamba imezimika.

Nilikanyaga pedali isiyo yenyewe.

Niliona mashamba yote ya kaunti yakija dirishani kwangu. Stemple akachukua usukani kwa utulivu kama mtu anayempokea mtoto sahani.

"Kila mtu hukosea mguu mara ya kwanza," akaniambia.

"Na mara ya pili?"

"Inategemea uko juu kiasi gani."

Jioni nilimwambia Marvene yote: Delmar, Beech, mguu. Alikuwa anaosha vyombo. Aliosha sahani moja mara mbili, akaikausha, akasema, "Huyu mtoto atahitaji baba mwenye akili. Kama huna zako, azima. Shangazi yako amekuwa akikukopesha tangu Januari." Kisha akalia, nami nikalia, na Mama akaingia akadhani tumegombania kolachi ya mwisho.

Stemple ameondoka leo asubuhi, peke yake, mafuta kidogo, nyaya akaziruka vizuri. Nilipunga mkono mpaka akapotea. Bado ni nzuri, Shangazi. Acha niseme hivyo mara moja, halafu yaishe.

Kuna jambo jingine. Marvene alizipanga barua zako mezani akizilinganisha na kalenda ya ukutani. Zile tatu zote zimeandikwa Jumanne. Tangu niko mdogo Jumanne ni ya Kipnuk. Nani anapeleka barua Kipnuk siku hizi?

Na ile 206 unayoijua ni ya nani? Sikuulizi kitu kingine.

Lumir


Bethel
24 Mei 1988

Lumir mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikaketi kwenye gunia la mtu.

Mkeo ana akili za mpelelezi. Mlee mtoto asimrithi baba. Ndiyo, leo pia Jumanne. Kampuni yetu ilinunuliwa Septemba na watu wa mjini. Wana vijana wengi wa kurusha ndege, wana haraka, wana miwani ya jua hata wakati wa giza. Mimi walinipa ghala. Napima vifurushi, Lumir. Naweka kifurushi kwenye mizani, nasoma, naandika, namkabidhi kijana anayekwenda Kipnuk kwenye njia niliyoijua yeye akiwa bado hajaota meno. Macho yangu mazima, moyo mzima, daktari ameniangalia mpaka akachoka. Umri ndio haukuwapendeza, ingawa hilo hawakulisema.

Sikukuambia kwa sababu ungesema njoo upumzike. Sitaki kupumzika. Na chumba cha juu nakikumbuka, kina baridi, na sisemi baridi ya theluji, nasema ya wifi.

Ile 206 ni yangu. Niliinunua kwa miaka yangu yote ya hapa, na sasa imesimama nje ya dirisha langu inafugwa na kunguru.

Halafu wewe, mwana wa kaka yangu, tangu Januari nakuuliza nani atairusha. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa ukali. Ulidhani nauliza nini?

Siiuzi. Klabu itailipia kazi, kidogo kwa kila anayeruka, na inakuja na rubani wake, haviachani. Ndani ya ndege ile hakuna mkubwa isipokuwa mimi, awe mwenyekiti au padri. Nikisema watu wasogee mbele, wanasogea. Na hatushuki kama jiwe baada ya watu kutoka, maana injini yenye moto ukiitia baridi ghafla inapasuka kama bilauri.

Nimeshaanza kufunga mizigo, kwa hiyo nijibu Whitehorse nitakapopita njiani, posta kuu. Kama jibu ni hapana, nijibu pia, nitageuza.

Libbie


Kolin
5 Juni 1988

Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo. Ndiyo, na tena ndiyo! Nilikuwa naogopa kukuomba. Nilidhani huwezi kuacha Alaska kwa ajili ya kiwanja cha majani na watu sita. Tumekaa miezi mitano kila mtu kwenye ukingo wake wa mto, kila mmoja anamngoja mwenzake avuke.

Klabu imekubali. Vencil aliuliza kama utatupa sambusa mbele wakisongamana nyuma. Mama anapaka rangi chumba cha juu yeye mwenyewe, goti au si goti. Amechagua kijani. Nilimwambia kijani hukipendi, akasema anajua.

Jambo moja tu, usikasirike. Mlango ukiwa umeng'olewa, rubani naye anatakiwa avae parachuti.

Lumir


Whitehorse, Yukon
19 Juni 1988

Lumir,

Parachuti? Mimi? Miaka thelathini na tisa nimewafundisha watu kubaki ndani ya ndege!

Nimezuiwa hapa na mvua, nala supu mbovu. Nastasia alinisindikiza na mbwa mmoja mdogo, eti zawadi. Kila saa nawaza kumrudisha, halafu namwangalia. Yuko kiti cha mbele. Mwambie wifi yangu kwamba nimeanza kukipenda kijani, aumie.

Nitaruka nikifuata barabara kuu mpaka huko chini kwenu. Msinipikie mpaka mnione.

Libbie


Kolin
14 Agosti 1988

Lumir na Marvene, wanangu,

Barua hii itawafikia hospitali Omaha mkononi mwa wifi yangu. Kama bahasha imefunguliwa, mtazameni usoni.

Msichana! Wifi aliposhika simu alipiga ukelele nikadhani jiko limelipuka. Kisha akanikumbatia, ndiyo, mimi, nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Tulipokumbuka sisi ni nani tukaachiana. Marvene, pumzika, usikubali wageni wanaokaa. Lumir, mbebe mtoto kwa mikono miwili.

Najua ulitaka kuwapo jana kwenye mruko wa kwanza, na ulinisihi tungoje. Lakini kibali cha kung'oa mlango kilikuwa kimefika, anga lilikuwa safi, na watu kumi na wanne walikuwa wameketi majanini wananitazama. Kumi na wanne! Habari za mbwa tisa zimevuka mto, kila mtu alitaka kumwona mwanamke wa sambusa.

Padri aliibariki ndege. Nikamwambia vizuri, sasa ingia wewe kwanza, ukae hapa mbele kwangu, mgongo kwenye dashibodi, usiguse kitu. Wanne wengine wakakaa nyuma. Mimi nimevaa lile parachuti kama mtu aliyebebeshwa godoro. Tulipaa kabla ya nusu ya uwanja, nyaya zikapita chini kabisa, na nikasikia mtu nyuma anamwambia mwenzake, "Kumbe inapanda!" Nilitamani ungelisikia hilo.

Juu, Vencil akaanza kutambaa kwenda mlangoni na wenzake wakamfuata.

"Mmoja mmoja!" nikapaza sauti.

"Ndiyo, mama," wakajibu wote, na wakarudi mbele kama watoto wa shule.

Padri alikuwa wa mwisho. Akaweka mguu nje, akageuka na mashavu yanapepea. "Huji?"

"Nani ataishusha?"

Akacheka, akaenda. Hivi hivi, mtu mzima, akaenda. Maisha yangu yote abiria hushukuru Mungu ndege ikitua. Hawa wanashukuru wakiiacha. Itanichukua muda kuzoea.

Tulipanda tena na tena, na hakuna aliyekunja parachuti kuvuka mto. Delmar ndiye aliyevuka kuja kwetu, kofia mkononi, akauliza inapanda futi ngapi kwa dakika. Nilimpa kahawa. Jibu sikumpa.

Mruko wa mwisho watu walipotoka, mlango wazi, nikabaki peke yangu. Mto Platte chini, maji na mchanga vimesukana kama nywele. Niliona paa la nyumba tuliyozaliwa mimi na baba yako, na njia tuliyokuwa tukipita kwenda shule, ambayo nilidhani ni ndefu. Kutoka kule juu naifunika kwa kidole kimoja. Sikushuka mara moja. Nilizunguka kidogo.

Utakaporudi ukiona mafuta yamepungua kuliko hesabu yako, ulikuwa upepo. Na Padri akikuapia kwamba jana hapakuwa na upepo hata wa kuyumbisha jani, yeye alikuwa ameshafika chini, hawezi kujua.

Shangazi yenu,
Libbie